Neno la Siri Lilikuwa "Karibu"

Nilikuwa mjini Omurushaka, mbele ya duka la vifaa vya umeme, nikikunja waya ambao muuzaji aliniapia kuwa ni shaba tupu. Mimi waya nautambua kwa kuukunja tu, na ule haukuwa shaba. Nikiwa bado nabishana naye, dereva mmoja wa bodaboda ninayemfahamu akasimamisha pikipiki kando yangu. "Shikamoo mzee," alisema. "Umesikia? Yule mama aliyeunguza kahawa amefariki. Wanasema presha." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza mama yupi, ingawa moyoni nilishajua. "Si yule wa kiwanda, njia ya Kamuli. Aliyeunguza kahawa ya watu." Akapata abiria, akaondoka. Nikamrudishia muuzaji waya wake bila neno jingine, kwa maana hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya waya tena.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba hapa huwa siandiki tanzia. Naandika kuhusu mota, pampu, nyaya na watu wanaowauzia ninyi takataka. Lakini leo naandika kuhusu marehemu, kwa sababu mtu aliyejenga kiwanda mahali palipokuwa na migomba na ukungu tu, akawakaushia wakulima kahawa zao misimu ambayo jua lilikataa kutoka, amebakiziwa maneno mawili midomoni mwa watu: aliyeunguza kahawa. Maneno hayo ni uongo. Mimi najua ni uongo, na nitaeleza nimejuaje, na wenye kukasirika wakasirike.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, nijitambulishe. Nilitoka Kyerwa bila kubebwa na mjomba wala mbunge. Stashahada yangu ya umeme wa viwandani niliisoma huku nikifua sare za wenzangu ili nipate ada, nikafaulu kuwapita wale niliowafulia. Nimefanya kazi viwandani Dar es Salaam, kisha Uarabuni, kwenye viwanda ambako mashine inafanya kazi bila mtu karibu yake na kutoa habari zake kwa watu waliokaa chumba cha mbali. Nilirudi kwa hiari yangu, si kwa kufukuzwa kama wengine, na nyumba yangu iko juu ya kilima ambako pampu ya maji hunitumia ujumbe kabla tangi halijakauka. Wenye shahada mbili hunipigia simu kuniuliza mambo. Nayasema haya bila haya, kwa sababu nimeyatolea jasho, na kwa sababu nataka mjue kwamba nikisema jambo fulani kuhusu mashine, sibahatishi.

Nilifika kiwandani kwa marehemu mara ya kwanza wakati wa mvua, aliponiita nimtazamie mota iliyokuwa ikinguruma vibaya. Kiwanda ni banda refu la mabati katikati ya kibanja chake cha migomba. Upande mmoja kuna mashine ya kukoboa. Upande wa pili kuna kikaushio, pipa kubwa la chuma ambalo feni hulipulizia hewa ya moto kutoka kwenye tanuri linalolishwa maganda ya kahawa. Barazani kulikuwa na benchi ndefu, na wakulima wamekaa wakisubiri zamu zao, kila mmoja na simu mkononi. Nilipokaa tu, nikaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajatia kahawa mdomoni. Nikatafuna. Mama akatoka ndani akijifuta mikono kwenye kanga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, na kweli alikuwa mwimbaji wa kwaya ya usharika wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetafuna?"

"Nimetafuna."

"Umeingia kwenye waifai?"

Nikamwambia bado, sijaijua paswedi. Watu wa benchi wakacheka. "Paswedi ni karibu," alisema. "Herufi ndogo zote. Hapa hata mbuzi wangu anaijua."

Kisha akanionyesha fahari yake. Ndani ya kile kikaushio, kampuni moja ya mjini ilikuwa imemfungia vifaa vya kupima joto na unyevu, vilivyounganishwa na intaneti. Alikuwa anaweza kuona kwenye simu kahawa imefikia wapi, akapandisha joto au kulishusha, akawasha feni au kuizima, awe jikoni, awe Bukoba, awe kwa binti yake ng'ambo ya mpaka. Mafundi waliiita kazi hiyo kufunga sensa, na alinisimulia kwamba mzee mmoja jirani alipowaona wakipita na vifaa vyao aliuliza kwa hasira, "Sensa tena? Si tulishahesabiwa?" Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akanifanyia alichomfanyia kila mgeni: akachukua simu yangu, akaandika anwani, akaandika tena lile neno moja, na picha ya kikaushio ikatokea, na joto lake, na unyevu wake.

"Wote hawa wanaiona," alisema, akionyesha benchi. "Mtu anaitazama kahawa yake ikikauka akiwa kitandani kwake. Nani mwingine aliwahi kuwafanyia hivyo? Kule kwingine unaacha gunia, unaambiwa rudi wiki ijayo, hujui wanakubadilishia nini."

"Mimi naitazama hata nikiwa mnadani," alisema mkulima mmoja mzee aliyevaa kofia ya pama. "Mke wangu anasema nimepata nyumba ndogo. Anavizia simu yangu, anakuta kikaushio."

"Na kweli una nyumba ndogo," mama akamjibu. "Ila hii inakukaushia kahawa. Ile nyingine ingekukausha wewe."

Benchi nzima ikacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu nilikuwa nimeona maandishi madogo juu ya picha ile: umeingia kama msimamizi. Nikamuuliza, "Mama, huyu msimamizi ni nani?" Akasema, "Ni mimi." Nikamwambia, "Lakini simu yangu inasema msimamizi ni mimi." Akanipiga begani. "Basi leo tumekuwa wawili, mwanangu. Nisaidie kazi."

Nilimrekebishia mota, halafu nikamketisha chini. Nilimweleza kwamba neno lililofungua intaneti ya wageni ndilo lilelile lililofungua mitambo, na kwamba kila aliyewahi kutafuna kahawa yake alikuwa ameondoka na ufunguo wa kikaushio mfukoni. Hakunielewa vibaya, kama mnavyoweza kudhani. Alinielewa vizuri sana, akanikatalia. "Mwanangu, kwetu mtu hafungi mlango anapokula. Nikiwaficha hawa watu paswedi, watasema nini? Watasema nakula peke yangu." Nikamwambia, "Mama, nyumba yako ina sebule na ina chumba. Mgeni unampa kila kitu sebuleni. Anaingia chumbani kufungua sanduku lako?" Akasema, "Mgeni wangu hana haja na sanduku langu." Nikasema, "Basi hatachukia likifungwa." Hapo akatabasamu, akaniambia tutaongea msimu ukiisha, akanifungia mkungu wa ndizi kwenye gari.

Na nani alimpa wazo la kutumia neno moja kwa kila kitu? Fundi wa ile kampuni. Alimwambia, kwa maneno yake mwenyewe kama mama alivyoyarudia, "Weka neno rahisi, mama, usije ukalisahau ukatusumbua." Usije ukatusumbua! Mtu anauza kifaa kinachoweza kuwasha moto kutoka mbali, halafu wasiwasi wake mkubwa ni kwamba mteja atampigia simu. Nimewaona watu hawa tangu nirudi. Wanashuka kwenye magari yao safi na fulana zenye nembo, wanafunga vifaa, wanapiga picha ya mteja akitabasamu, wanaondoka. Ukiwauliza kifaa kitapata marekebisho ya usalama kwa muda gani, wanakutazama kama umewauliza kabila la mashine. Ukiwauliza nani mwingine kwenye kampuni yao anaweza kuingia kwenye mitambo yako, wanasema, "Hakuna tatizo, mzee." Mimi sijawahi kuona kiwanda kilichounguzwa na tatizo lililotangazwa. Vyote vimeunguzwa na hiyo "hakuna tatizo."

Msinielewe kwamba navipinga vifaa hivi. Ningekuwa mjinga, na mimi sijapata kuwa mjinga. Vifaa hivi ndivyo vitakavyotutoa hapa tulipo. Kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye mota kinasikia mtetemo ambao sikio la mtu halisikii, kikakwambia beringi inakufa wiki kabla haijafa, ukainunua Bukoba kwa utulivu badala ya kuitafuta kwa machozi katikati ya msimu. Kuna wafugaji wa Kyerwa ninaowahudumia ambao tangi lao la kupozea maziwa humtumia msimamizi ujumbe umeme ukikatika, naye akawahi jenereta kabla maziwa hayajachachuka. Mwenye mashine ya kukoboa anaweza kujua ni saa zipi inazunguka tupu ikila umeme bure. Haya yote nimeyafunga kwa mikono yangu na yanafanya kazi mpaka leo. Ila kila kimoja nilikifunga nikiwa na swali moja kichwani: kama mimi naweza kukifikia nikiwa kilimani kwangu, nani mwingine anaweza, na akikifikia atafanya nini? Mashine isiyounganishwa popote inaharibiwa na mtu aliyesimama mbele yake, na utamwona. Iliyounganishwa inaharibiwa na mtu yeyote, aliyekaa popote, hata asiyejua kwamba ameiharibu.

Basi ikafika ile Jumapili. Kikaushio kilikuwa kimejaa kahawa ya wakulima wa karibu kijiji kizima, kwa maana mvua ilikuwa imewakatalia jua. Mama alikuwa kanisani, amesimama mstari wa mbele wa kwaya, simu imezimwa kama anavyopaswa kuizima mtu mwenye adabu. Mwendesha mashine wake naye alikuwa kanisani, kwa sababu tangu vifaa vifungwe walianza kuamini kwamba mashine inajilinda. Wakati ibada ikiendelea, joto la kikaushio lilipandishwa mpaka mwisho. Tanuri likatii. Likajilisha maganda, feni ikapuliza, na kahawa ikaungua taratibu huku mwenyewe akiimba. Waliporudi walikuta moshi umejaa kwenye migomba. Banda halikuteketea, lakini kahawa yote ilikuwa nyeusi, na iliyobaki yenye rangi ilinuka moshi kiasi kwamba mnunuzi asingeigusa.

Wakulima wakakusanyika uwanjani siku iliyofuata. Mama aliniita, nikafika, nikamkuta pia fundi wa kampuni amefika ndani ya fulana yake. Alikuwa na kompyuta, na watu wamemzunguka kama daktari. Akasema kwa sauti, "Mashine haijakosea. Joto lilipandishwa kwa amri. Kuna mtu aliamuru."

"Nani?" aliuliza yule mzee wa kofia ya pama.

"Hapa inaonyesha ni msimamizi."

"Msimamizi ndiye nani?"

Fundi akatazama chini. Alijua. Alijua kwamba kila simu iliyokuwa pale uwanjani, ikiingia, ilijiita msimamizi, maana yeye ndiye aliyefunga vile. Mitambo ile ilikuwa na uwezo wa kumtambua kila mtu kwa jina lake, lakini yeye hakujisumbua kuiambia kwamba watu ni wengi. Angeweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Hakusema, kwa sababu sentensi hiyo ingeirudia kampuni yake. Akaendelea kutazama chini, na mwanamke asiyejua kusema uongo akajibu badala yake.

"Msimamizi ni mimi," mama alisema.

"Basi mashine imesema," alisema mzee wa pama. "Mashine haina undugu na mtu. Mama, sisi si watoto. Kahawa yetu nzuri imevuka mpaka wa Murongo, imeuzwa ng'ambo, na haya ni makapi umetuchomea kutufumba macho."

"Kahawa yenu ndiyo hii. Inuseni, muishike. Na kama nimewachomea makapi, niliyachomaje nami nilikuwa nimesimama kwenye kwaya mbele ya macho yenu?"

"Si unaendesha kwa simu?" sauti moja ikamjibu kutoka nyuma. "Si wewe uliyetuambia unaweza hata ukiwa Bukoba?"

Wakacheka. Nimesikia vicheko vingi vibaya maishani, lakini hicho sitakisahau. Kile alichowaonyesha kwa fahari, kwamba hana cha kuwaficha, kikawa ushahidi wa wizi wake. Nilisimama nikawaeleza, kwa Kiswahili chepesi, kisha kwa Kinyambo, kwamba msimamizi ni yeyote mwenye lile neno "karibu", na neno hilo wanalo wote. Mtu mmoja akasema, "Huyu wa Uarabuni anatetea kikapu cha kahawa na mkungu wa ndizi." Wakatawanyika. Fundi alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliomba hata maji ya kuosha vumbi viatuni.

Jioni ile nilibaki na mama barazani. Nilikuwa nachemka. Nikamwambia, "Kesho waite wote. Kila mmoja atoe simu yake, abonyeze, tuone kama kikaushio hakitamtii. Wataona wenyewe kwamba yeyote angeweza." Akatikisa kichwa.

"Halafu?" alisema.

"Halafu jina lako litakuwa safi."

"Na majina yao? Nikionyesha kwamba yeyote angeweza, nimewashtaki wote. Kila mtu atamtazama mwenzake. Watu waliokaa kwenye benchi yangu watatoka hapa wamekuwa wezi."

"Mama, wao wamekuita mwizi mchana kweupe."

"Wameniita mmoja. Wewe unataka niwaite wote. Usiwaaibishe wageni wangu kwenye uwanja wangu, mwanangu. Nakukataza."

Nilikasirika naye, na sijaacha. Sipendi watu wanaobeba mzigo wasioustahili halafu wakaitwa wapole. Ile haikuwa haki, ilikuwa ni kumwachia fundi wa kampuni alale usingizi mnono. Lakini alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, uwanja ulikuwa wake, na alinikataza akiniita mwanangu. Nikanyamaza. Wakulima wakaanza kupeleka kahawa kwingine. Kila nilipopita njia ya Kamuli niliona benchi tupu, na juu yake kile kikapu kidogo, kimewekwa, kahawa imejaa, hakuna anayetafuna. Mpaka nikasimamishiwa pikipiki Omurushaka.

Kwenye mazishi walisoma wasifu wake. Walisoma alikozaliwa, alikobatizwa, kwaya aliyoimbia. Kiwanda kilipata sentensi moja. Halafu msemaji mmoja, mtu mzima na tai yake, akasema, "Marehemu alikuwa binadamu kama sisi, na katika biashara kuna majaribu." Aliyasema kwa upole mkubwa. Watu wakatazamana, wengine wakaitikia kwa kichwa. Mtu yuko ndani ya jeneza, hawezi kujibu, na wao wanamsamehe kosa ambalo hakulifanya. Msamaha wa namna hiyo ni tusi. Nikasema moyoni, mama, ulinikataza ukiwa hai, na nilitii.

Baada ya kuzika tulirudi uwanjani kwake kwa chakula. Ndizi zilipakuliwa, milango yote wazi, kama alivyotaka. Vijana walikuwa wanatuma picha za mazishi kwenye simu zao, na nilipochungulia wanatumia intaneti gani, niliona ni ileile. Tangu kahawa iungue, misimu imepita, mtu amekufa kwa aibu, na hakuna aliyebadilisha neno. Lilikuwa bado lilelile "karibu". Nikaenda nyuma ya banda, nikahakikisha tanuri ni tupu na hakuna mtu aliyekaribia feni. Kisha nikarudi, nikamtafuta mzee wa kofia ya pama. Alikuwa anakula na wenzake kwenye ileile benchi.

"Shikamoo mzee wangu. Ile picha ya kikaushio bado unayo kwenye simu?"

"Marahaba. Ipo. Sijui hata inafutwaje."

"Hebu ifungue."

Akafuta mkono, akatoa simu, akafungua. Picha ikaja bila kuulizwa neno lolote, maana simu yake ilikuwa imeshalikumbuka siku nyingi. Nikamwambia abonyeze palipoandikwa feni.

"Nikibonyeza itakuwaje?"

"Bonyeza tu, mzee wangu. Wewe si mgeni hapa."

Akabonyeza. Nyuma yetu banda likanguruma. Mabati yakatetemeka, vumbi la maganda likatoka chini ya mlango, na waombolezaji wote wakageuza vichwa vyao. Mwanamke mmoja akaangusha sahani. Nilisimama juu ya benchi ili wanisikie. "Mzee, soma hapo juu pameandikwa nini. Soma kwa sauti."

Alisogeza simu mbali na macho, kisha karibu. "Msimamizi," alisoma.

"Msimamizi ndiye nani?"

Akageuka kulitazama banda. Nililiuliza tena swali lake mwenyewe, polepole, na feni inanguruma nyuma yetu kama inasubiri jibu pamoja nami. Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakaanza kutoa simu zao mifukoni, mmoja baada ya mwingine. Wakazitazama, kisha wakazirudisha taratibu kama mtu anayerudisha kitu ambacho hakutaka kuonekana nacho. Kila mmoja alikuwa anakumbuka Jumapili ile na simu yake ilikuwa wapi. Mfukoni, pengine. Mkononi mwa mjukuu, pengine. Huenda alikuwepo adui aliyefanya makusudi, sina uhakika. Lakini nawaapia haikuhitajika adui. Kilihitajika kidole kimoja kilichoteleza kwenye picha, cha mtu aliyetaka tu kuona kahawa yake imefikia wapi. Mzee wa pama alikuwa ameinamia simu, kidole chake kinatafuta juu ya kioo.

"Inazimwaje?" aliniuliza kwa sauti ndogo. "Mwanangu, inazimwaje?"

Nikamwonyesha. Kisha nikaenda mwenyewe ukutani nikashusha swichi kuu kwa mkono, nikaifungia kofuli langu, kofuli la kawaida la chuma. Nilipogeuka, yule msemaji wa majaribu alikuwa ameshatafuta njia ya kwenda nyumbani.

Sasa nisikilizeni, ninyi wenye viwanda, wenye mashine za kusaga, wenye matangi ya maziwa, wenye pampu kwenye vibanja. Mtaendelea kufunga vifaa hivi, na mnapaswa kufunga. Lakini aliyekuuzia asiondoke uwanjani kwako kabla hajakubadilishia neno la siri alilokuja nalo, kwa sababu neno hilo hilo amemwachia kila mteja aliyemtembelea. Kila anayegusa mitambo aingie kwa jina lake, si kwa cheo, ili siku mashine itakapoulizwa nani aliamuru, isimtaje asiyehusika. Anayetaka kutazama tu apewe kutazama, mkono wake usifike kwenye moto. Intaneti ya wageni iwe ya wageni, nayo muwape kwa moyo mweupe, lakini isiwe na njia ya kufika kwenye mitambo. Kiwepo kizuizi cha joto kisichojua intaneti, kipande cha chuma tu kinachokata moto wenyewe hata kama dunia nzima imeuamuru uwake. Na awepo mtu. Kifaa kinaweza kukuita, lakini hakiwezi kukimbia na ndoo. Kama muuzaji hawezi kukufanyia haya, mfukuze kabla hajapiga picha. Kama hujui uanzie wapi, niite, nami sitakwambia hakuna tatizo.

Na wewe dereva wa bodaboda, najua hunisomi, lakini abiria wako wanasoma. Ukipita njia ya Kamuli ukaliona lile banda, usiwaambie kwamba hapo palikuwa pa mama aliyeunguza kahawa. Waambie hapo alikaa mama aliyetuambia karibu, nasi tukapita sebuleni, tukaingia mpaka chumbani, na kilichovunjika humo tukamwambia amekivunja yeye.